Simu Isiwe ya Pesa Tu: Ushauri kwa Ndoa za Mbali

Ndoa nyingi za Sultan Hamud, Kasikeu na Emali huishi kwenye simu. Baba ni dereva wa lori la masafa marefu, bawabu Nairobi au fundi Mombasa. Mama yuko nyumbani na watoto, shamba na mbuzi. Kwingine mambo ni kinyume: mama ndiye aliyepata kazi mjini au Ghuba, na baba ndiye anayeamka alfajiri kuwaandaa watoto kwenda shule. Mji wa Sultan Hamud wenyewe ulizaliwa na safari. Jina lake ni la Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902, enzi ambayo reli ya kutoka Mombasa ilikuwa ikisukumwa kuelekea Nairobi. Watu wa hapa wamezoea kuagana na kungojana.

Makala haya ni ya wanandoa hao. Umbali huumiza, sikatai. Lakini kinachoimaliza ndoa ya mbali, mara nyingi, ni simu iliyogeuka kuwa ya pesa, karo na lawama tu. Hali hiyo hutibika, na dawa yake imo katika mambo madogo ambayo mtu anaweza kuyaanza usiku wa leo bila kumlipa yeyote. Katika kuyaeleza nitategemea kazi ya profesa mmoja mstaafu wa saikolojia, ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ilikwenda katika kuwafundisha vijana chuoni na kuwatazama wanandoa wakizungumza.

Mwalimu aliyeipima ndoa

John Gottman alizaliwa mwaka 1942 katika Jamhuri ya Dominika. Alisomea hisabati kabla ya kuhamia saikolojia, akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1971. Alifundisha Indiana, kisha Illinois, na kuanzia 1986 akawa katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, hadi alipostaafu mwaka 2002. Hisabati ile hakuitupa. Wakati washauri wengi wa ndoa walikuwa wakisema kwa hekima na uzoefu, yeye alitaka kuhesabu.

Katika miaka ya 1970, pamoja na mwanasaikolojia mwenzake Robert Levenson, alianza kuwaita wanandoa maabara. Waliwataka wawe hawajaonana kwa saa nane hivi, kama watu wanaorudi kutoka kazini. Kisha waliwaketisha wakitazamana. Dakika 15 waliongea habari za siku hiyo. Dakika 15 nyingine waliongea jambo linalowagombanisha. Wakati huo vifaa vilipima mapigo ya moyo na jasho la vidole, na hata kiti kilipima jinsi mtu anavyotikisika. Baadaye, Seattle, ilitengwa nyumba ndogo ambamo wanandoa walikaa siku nzima wakipika, wakisoma gazeti na kupiga soga mbele ya kamera. Katika utafiti mmoja zilikuwapo jozi 130 za maharusi wapya, na watafiti waliwafuatilia kwa miaka sita ili kujua nani wameachana, nani wamebaki na wanaishije.

Nimevutiwa na kazi hii kwa sababu alitazama vitu ambavyo sisi huvipuuza. Alitazama mtu anavyojibu mwenzake anapoambiwa, "Tazama ule ndege." Alitazama sauti ya mtu anapoanza kulalamika, na alihesabu vicheko katikati ya ugomvi.

Lazima pia niseme mipaka yake. Wanandoa aliowatazama walikuwa Wamarekani, tena wanaoishi nyumba moja. Na sifa zake za kutabiri ni nani wataachana zilikosolewa: mwaka 2001 Richard Heyman na Amy Smith Slep walionyesha kwamba hesabu iliyotengenezwa kwa kundi moja la wanandoa hupoteza nguvu nyingi inapojaribiwa kwa kundi jingine. Kwa hiyo usiyachukue matokeo haya kuwa utabiri, wala usimhukumu mwenzako kwa asilimia. Yachukue kuwa mahali pa kuanzia kujitazama, kisha yapime nyumbani kwako.

Jibu wito mdogo

Jambo la kwanza ndilo kubwa kuliko yote. Kila siku mtu humwita mwenzake kwa namna ndogo ndogo: habari, mzaha, malalamiko, swali lisilo na uzito. Juu juu anasema habari ya mbuzi au ya foleni. Ndani yake anauliza: uko nami? Gottman aligundua kwamba wale maharusi waliokuwa bado pamoja baada ya miaka sita walikuwa wameitikia wito wa namna hiyo mara 86 katika kila 100. Walioachana walikuwa wameitikia mara 33.

Sasa tuulete wito huo nyumbani. Ni saa mbili unusu usiku. Mama yuko jikoni Kasikeu, simu imewekwa kwenye spika kando ya sufuria ya muthokoi. Baba yuko Malaba, kwenye foleni ya malori.

"Baba watoto, yule mbuzi mweupe amezaa pacha leo."

Baba anaweza kujibu, "Sawa. Mwalimu alisema karo imebaki ngapi?" Hajatukana wala hajagomba, lakini mlango umefungwa. Au anaweza kujibu, "Pacha! Wote wazima? Ni majike?" Jibu hili la pili halihitaji hata sekunde kumi. Mama ataeleza jinsi mmoja alivyochelewa kusimama, jinsi mtoto wao mdogo alivyokataa kutoka zizini, na baba aliye Malaba atakuwa ameingia nyumbani kwake kwa dakika mbili.

Na upande wa pili ni vivyo hivyo. Baba akisema, "Hapa foleni haisongi, jana nimelala garini tena," asijibiwe, "Na pesa ya unga?" Unga ni muhimu na utafika zamu yake. Kwanza aambiwe, "Pole sana. Umekula nini lakini?" Mtu akishapewa pole, hata hilo la unga atalisikia kwa sikio jingine.

Kwa walio mbali, kuna mambo matatu ya kufanya. Kwanza, wekeni saa ya simu ambayo kila mmoja anaijua, hata kama ni ya dakika kumi tu. Kungoja simu isiyojulikana itakuja lini humchosha aliye nyumbani na kumpa nafasi ya kubuni mabaya. Pili, usimpigie mwenzako huku ukiongea na watu wengine kibandani. Dakika tano za masikio mawili zinazidi nusu saa ya sikio moja. Dereva naye asipokee akiwa kwenye usukani. Asubiri aegeshe, na aliye nyumbani aelewe kwamba kutopokea huko ni kuwapenda watoto wake. Tatu, rudia jambo uliloambiwa jana. "Yule pacha aliyechelewa kusimama ananyonya?" Swali hilo humwambia mke kwamba maneno yake hayakuishia hewani.

Tenga kikao cha pesa

M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilituondolea shida kubwa. Zamani pesa ya nyumbani ilitumwa kwa mkono wa jirani anayesafiri, ikifuatana na barua au salamu. Leo inafika kabla hujaweka simu mfukoni. Shida ni kwamba pesa inaweza kufika bila salamu yoyote. Kuna nyumba ambazo ujumbe wa muamala ndio habari pekee ya mume kwa wiki nzima, na kuna waume ambao wakiona jina la mke kwenye kioo cha simu, moyo unawadunda kwa kuhesabu atakachoitisha. Pesa imetawala mazungumzo yote, na hakuna anayefurahia sauti ya mwenzake.

Ushauri wangu ni kuitenga. Chagueni siku moja ya wiki, tuseme Jumapili jioni baada ya kanisa, iwe ya kikao cha pesa. Aliye nyumbani awe na daftari. Aliye mbali aanze kwa kusema kilichoingia: mshahara, posho ya safari, makato ya Sacco, deni la Fuliza au mkopo mwingine wa simu. Kisha aliye nyumbani aseme kilichouzwa na kilichotumika: ndengu, maembe, maziwa, zamu ya chama, dawa ya mifugo, maji ya kununua. Kila mmoja ataje ya kwake kabla ya kuulizwa. Anayeulizwa hujiona mshtakiwa, na anayejitolea kusema hujiona mshirika.

Baada ya hapo amueni mambo matatu tu ya wiki ijayo, yaandikwe, na kikao kifungwe. Dharura ikitokea katikati ya wiki, mtoto ameugua au mbuzi ameibwa, isemwe siku hiyo hiyo. Yale mengine yangoje Jumapili. Na siku unayotuma pesa, tuma kisha piga. Usiseme, "Nimetuma, umeona?" Uliza habari za watu kwanza.

Mikopo ya simu inahitaji neno lake. Mume anakopa akijua atalipa mwisho wa mwezi. Mke anakopa kufidia kilichopungua. Kila mmoja anaficha kwa aibu. Deni likifichuka, kinachouma zaidi ni kule kufichwa. Wekeni kiasi ambacho hakuna mmoja wenu atakayekopa zaidi yake bila kumwambia mwenzake. Kiwe kidogo, na kiheshimiwe na wote wawili.

Anza taratibu

Mwaka 1999 Gottman na Sybil Carrère walichapisha utafiti wa jozi 124 za maharusi. Waliona kwamba dakika tatu za kwanza za mabishano ya dakika 15 zilikuwa tayari na tofauti kati ya wale waliokuja kuachana na wale waliobaki. Walioachana walianza vikali, na mabishano yaliyoanza vikali yaliendelea vikali.

Kuanza vikali kunatambulika upesi. "Wewe hujali watoto hawa." "Mama yako ndiye anakufundisha hivyo." "Siku zote ni mimi tu." Maneno hayo humshambulia mtu mwenyewe, na mtu akishambuliwa hurudisha au hukimbia. Kuanza taratibu kuna hatua tatu: taja jambo lililotokea, sema lilivyokugusa, omba kitu kinachowezekana. "Jana ulisema utapiga saa mbili, nikakaa hadi saa tano. Niliogopa kuwa umepata ajali. Ukichelewa, nitumie hata neno moja." Lawama imo, tena imesemwa wazi. Lakini anayeisikia amepewa njia ya kuijibu.

Gottman alizitaja tabia nne zinazoila ndoa polepole: kumshutumu mtu badala ya kusema kosa, kudharau, kujitetea kila unapoguswa, na kujifunga ukanyamaza kama ukuta. Katika hizo, aliyoiona mbaya zaidi ni dharau. Huku kwetu dharau ina sura zake: kufyonza, kumcheka mke kwa sababu hakufika kidato cha nne, kumwita mume maskini mbele ya shemeji zake, kuwaambia watoto, "Baba yenu ni bure kabisa." Mtoto akishasikia hayo hawezi kuyasahau hata nyinyi mkipatana kesho. Kama huwezi kuacha yote kwa mara moja, anza na hilo: usimdharau mwenzako mbele ya mtu yeyote, na usimruhusu mtu yeyote amdharau mbele yako.

Mabishano yenyewe si dalili ya ndoa mbovu. Profesa huyo aliona kwamba wanandoa waliokaa vizuri nao waligombana. Tofauti ni kwamba hata katikati ya ugomvi, kila neno au ishara moja mbaya ilizungukwa na nzuri kama tano: kutikisa kichwa kukubali, kicheko, "hapo umesema kweli", kuitana kwa jina la heshima. Kwenye simu uso hauonekani, hivyo wema huo lazima utoke mdomoni. Sema wazi, "Nakusikia." Sema, "Hapo nilikosa." Mwite mama watoto au baba watoto kama unavyomwita siku za amani.

Ukipandwa na hasira, pumzika kwa ahadi

Vile vifaa vya maabara vilionyesha jambo ambalo kila mtu amewahi kulihisi. Mabishano yakipamba moto moyo huenda mbio, kwa wengi hupita mapigo 100 kwa dakika, na hapo mtu hawezi tena kusikiliza wala kufikiri sawasawa. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Katika maabara hiyo, wengi wa waliojifunga kimya walikuwa wanaume, na vifaa vilionyesha kuwa ndani ya kimya kile moyo ulikuwa ukienda mbio.

Mke anayeona mume amenyamaza hudhani amepuuzwa, naye hupandisha sauti. Mume akisikia sauti imepanda, huzidi kujifunga au hukata simu. Kwa walio mbali, kukata simu ni jeraha kubwa, kwa kuwa aliyekatiwa hana mlango wa kubisha. Atapiga mara sita, simu itakuwa imezimwa, na usiku wote utapita hivyo.

Kwa hiyo wekeni kanuni mkiwa na amani. Yeyote aliyepandwa ana ruhusa ya kusimamisha mazungumzo, kwa sharti la kutaja saa ya kurudi. "Nimekasirika, nitasema vibaya. Nitakupigia saa nne kasoro robo." Mapumziko yasipungue dakika 20, maana mara nyingi mwili hautulii kabla ya hapo. Katika dakika hizo usikae ukipanga majibu. Tembea, oga, chota maji, sikiliza nyimbo za kanisani, sali. Kisha piga saa uliyosema, hata kama ni kuomba tu kwamba tuendelee kesho. Ahadi hiyo ikitimizwa mara kadhaa, aliyebaki upande wa pili hujifunza kutoogopa kimya.

Saa ya kwanza ya kurudi

Watafiti wale waliwataka wanandoa wakutane baada ya saa nane za kutoonana. Wanandoa wa huku kwetu hukutana baada ya wiki mbili, mwezi, na wa Ghuba baada ya miaka miwili. Basi saa ya kwanza ya kurudi ina uzito mkubwa, na wengi huiharibu bila kukusudia.

Mama ana orodha: paa linavuja, mtoto amefukuzwa shule kwa ajili ya karo, jirani amesogeza mpaka. Baba ana uchovu na hamu ya kuonekana kuwa amekuja. Akipokewa na orodha, anaona nyumba ni ofisi nyingine. Naye baba akishuka kwenye matatu na kupitia baa kuwasalimu marafiki hadi saa nne usiku, mama aliyepika tangu saa kumi anapewa ujumbe asioweza kuusahau. Jioni ya kwanza iwe ya chakula na habari. Orodha ianze kesho asubuhi, baada ya chai, na ianzwe na aliyerudi: "Haya, nionyeshe linapovuja."

Aliyerudi pia akumbuke kwamba nyumba imekuwa ikienda bila yeye. Watoto wana ratiba, mke ana maamuzi aliyofanya, mengine mazuri kuliko ambavyo wewe ungeamua. Usifike Ijumaa ukabadilisha kila kitu Jumamosi na kuondoka Jumapili. Uliza kwanza kwa nini jambo limefanywa hivyo.

Yasiyokwisha

Katika tafiti za Gottman, matatizo yaliyowagombanisha wanandoa yalikuwa na sura mbili. Kadiri ya asilimia 69 yalikuwa ya kudumu: yalitokana na tabia, malezi na ndoto za watu wawili tofauti, na miaka ilipita yakiwa pale pale. Yaliyobaki ndiyo yaliyoweza kumalizwa.

Ukilijua hili utapumua. Swali la kujenga Kasikeu au kununua ploti Kitengela linaweza kuwa la miaka 15. Swali la pesa inayokwenda kwa ndugu wa mume, na ile inayokwenda kwa mama mzazi wa mke, halitaisha maadamu wazazi wapo. Usingoje liishe ndipo uwe na furaha. Muulizane kwa nini jambo hilo lina uzito kwa kila mmoja wenu. Huenda mume anang'ang'ania kujenga nyumbani kwa sababu baba yake alizikwa bila kuona nyumba ya mawe. Huenda mke anataka ploti kwa sababu alimwona mama yake akifukuzwa shambani baada ya mumewe kufa. Mkishajua ndoto iliyo chini, mnaweza kutafuta njia ndogo ya kati, mkiipitia tena kila mwaka.

Katika zile jozi 130 za maharusi, utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha pia kwamba ndoa ambazo mume alikataa kusikiliza maoni ya mkewe zilikuwa kwenye hatari zaidi. Nawaambia akina baba wenzangu bila kuzunguka: kumsikiliza mke hakupunguzi ubaba wako. Na katika jambo la ardhi sheria pia imesema. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inakataza, katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa kuuzwa, kutolewa zawadi au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mume na mke. Ukitaka kuuza kipande cha shamba, zungumza na mke wako kabla ya kuzungumza na dalali.

Wazee, mshauri na polisi

Huku kwetu Ukambani, ndoa haijawahi kuwa ya watu wawili peke yao. Mbuzi wa ntheo, wale wanaotolewa kwa wazazi wa bibi harusi, wakishapelekwa, nyumba mbili zimefungamana, na mahakama za Kenya zimekuwa zikiitazama ntheo kuwa kiini cha ndoa ya kimila ya Wakamba. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, aliyefundisha Makerere na kuandika kitabu kizima kuhusu mapenzi na ndoa Afrika mwaka 1973, alieleza kwamba katika ndoa hukutana waliokwisha kufa, walio hai na watakaozaliwa. Hilo hulipati katika maabara ya Seattle, nalo ni akiba yetu.

Itumieni vizuri. Mnapokwama, mtafuteni mzee au mama mmoja wa kila upande, mtu anayejua kutunza siri na asiyekuwa na maslahi katika shamba au pesa. Msiwaite watu 12 kwa ugomvi wa simu iliyochelewa. Na msiwafanye wazee mahakama ya kumshinda mwenzako. Waendeeni na swali moja ambalo nyote wawili mmekubaliana kuuliza.

Pale ambapo wazee hawafiki, kama huzuni isiyokwisha, pombe iliyomtawala mtu, usaliti uliofichuka au jeraha la utotoni, tafuteni mshauri nasaha. Tangu 2014 Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, inayotaka watoa huduma hiyo wasajiliwe na Bodi iliyoundwa na sheria hiyo. Uliza bila aibu: umesajiliwa? Umesomea wapi? Umewahi kuwahudumia wanandoa wanaoishi mbali mmoja na mwingine? Mshauri mzuri hatachukia maswali hayo. Wengi sasa hukubali kuwasikiliza wawili kwa simu, mmoja akiwa Sultan Hamud na mwingine kazini.

Na kuna mahali ambapo ushauri wote niliotoa unakoma. Kama unapigwa, unalazimishwa, au unatishiwa kuuawa, hilo halihitaji kuanza taratibu wala kikao cha Jumapili. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wametendewa ukatili wa kimwili tangu wakiwa na miaka 15. Wanaume pia wapo wanaopigwa na kunyamaza. Piga nambari 1195, haitozwi pesa, au nenda kwenye dawati la jinsia katika kituo cha polisi. Pata matibabu kwanza, na uhifadhi karatasi za hospitali. Mzee yeyote anayekuambia uvumilie kipigo kwa sababu ya mbuzi waliotolewa hakutakii mema, wala hailindi mila.

Wiki ya kwanza

Usijaribu yote kwa pamoja. Wiki hii fanyeni manne. Leo usiku, mwambie mwenzako umesoma ushauri fulani na ungependa mwe na saa ya simu. Muulize ni ipi inayomfaa. Kila simu ya wiki hii, itikia angalau habari moja ndogo kwa swali la pili kabla ya kutaja haja yako. Jumapili, fungueni daftari na mfanye kikao cha pesa cha kwanza, kisichozidi nusu saa. Na kabla ya kikao hicho, kubalianeni kanuni ya mapumziko: dakika 20, na saa ya kurudi itajwe.

Mwenzako akikataa au akicheka, endelea na upande wako. Huwezi kumlazimisha mtu kusikiliza, lakini kuitikia wito na kuanza taratibu hakuhitaji ruhusa ya mtu. Wapo wanaobadilika wakishaona hawafungiwi tena mlango usoni. Baada ya wiki nne, muulizane jambo moja tu: je, sasa tunapopigiana simu, tunafurahi kusikiana zaidi kuliko mwezi uliopita? Jibu likiwa ndiyo, mmepata njia, ishikeni. Likiwa hapana, msingoje mwaka upite. Nendeni kwa yule mzee au mshauri mkiwa bado mnaongea.